Baraza Ambalo Baba Hakulijenga

Nyumba tuliyokulia ilikuwa Nyalikungu, pale Maswa mjini, na haikuwahi kupigwa picha hata siku moja. Picha zilikuwa za watu. Mpiga picha alipopita tulipangwa mbele ya ukuta, tukakaza shingo, na ukuta ukabaki nyuma yetu kama kitu kisicho na maana. Mimi ninayo moja tu. Nimevaa sare ya darasa la kwanza, na pembeni mwa bega langu inaonekana nusu ya mlango na tofali chache.

Baba aliijenga akisaidiana na fundi mmoja, kwa tofali za kuchoma, wakati huo akisimamia mzani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Aliijenga juu ya udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi kikikolea, kwa hiyo kila mwaka kuta zilisogea kidogo na kila mwaka baba alizifuata na mwiko wake kuziba nyufa. Alipofariki hapakuwa na wa kuzifuata. Ufa wa chumba cha mwisho ulifunguka mpaka kuku wakawa wanapita. Sisi watoto tukakubaliana kiwanja kiuzwe, na mama akaja kukaa Bariadi, kwenye nyumba niliyokuwa nimejenga huko, pamoja na ndugu yetu mmoja anayemsaidia kazi. Aliyenunua akaibomoa. Siku ya kuhama mama alifunga vyombo vyake kwenye kanga na kupanda gari.

Mimi nafundisha usanifu majengo kwenye chuo kimoja Mwanza. Nilifundishwa kwa penseli na rula, na kwa miaka mingi nikafundisha hivyo hivyo, kisha kompyuta, kisha ghafla ikaja hii akili mnemba ambayo mwanafunzi anaiandikia sentensi mbili naye anapewa jengo zima, na vivuli vyake, na watu wanaotembea mbele yake. Naukumbuka mchoro wa kwanza wa namna hiyo kuletwa mezani kwangu. Ulikuwa wa kituo cha afya cha kujengwa Meatu, kizuri kama kadi ya sikukuu, na ukuta mzima wa upande wa magharibi ulikuwa wa kioo.

Nikamuuliza mwenye mchoro, "Jua la saa tisa linafanya nini humu ndani?"

Akaitazama picha yake kama mtu anayeulizwa habari za nyumba ya jirani.

Sikutaka kuwakataza. Kumkataza mtu wa umri ule kitu kilichomo ndani ya simu yake ni kumfundisha kukificha. Nikawawekea utaratibu. Palipo na uhakika, chora mstari mzima. Ulipokisia, chora mstari wa nukta. Mashine ilipokusaidia, andika kwamba ni mashine, na uandike uliiambia nini. Na kabla ya kuiuliza mashine jambo lolote, tafuta kwanza kama kuna binadamu anayelijua.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwalete Bariadi. Mji ule tangu uwe makao makuu ya mkoa umekuwa ukivunjwa na kujengwa upya, na nyumba za zamani zinaondoka kimya kimya. Nikaona zoezi zuri la mafunzo ya vitendo: kila mwanafunzi apewe mzee mmoja, akae naye, achore nyumba ambayo haipo tena kwa kusikiliza tu. Tulipokuja kuwagawa, mzee mmoja alikuwa amelazwa, na binti mmoja akabaki hana mtu. Nikampa mama yangu.

Binti yule alikuwa amekulia Dar es Salaam, hajawahi kufika Usukumani. Mpole, mwenye mkono mzuri wa penseli. Siku ya kwanza alipiga goti kumsalimia mama, akasema "Mwangaluka" kwa namna aliyofundishwa na wenzake njiani kwenye basi. Ilikuwa jioni, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Mama alicheka mpaka akajifuta macho, na kuanzia hapo akamwita "mjukuu wangu."

Walikuwa wakikaa uani asubuhi, kwenye kivuli cha nyumba, na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga katikati yao. Mara nyingi mjomba wangu alikuwepo pia. Huyu ni mdogo wake mama, mfugaji wa huko Mwandoya, ambaye kwa miezi ile alikuwa akija Bariadi mara kwa mara kwa ajili ya macho yake hospitali. Alikuwa amemsaidia baba kujenga ile nyumba, akiwa kijana.

"Madirisha ya mbele yalikuwa mawili," mama alisema.

"Moja," mjomba akadakia. "La pili mlilitoboa baadaye, mwaka aliozaliwa huyu." Akaninyooshea kidole, kana kwamba mimi ndiye niliyelitoboa.

"Wewe ulikuwa Mwandoya na ng'ombe zako, umejulia wapi?"

"Dada, nani alibeba zege la linta ya juu ya dirisha? Bega lililobeba ni hili hapa."

Binti alikuwa akifuta dirisha, kisha analirudisha kwa nukta. Nilikaa pembeni nikijifanya nasahihisha kazi za wengine. Kwa kweli nilikuwa nasikiliza, kwa sababu mambo mengi yaliyotoka pale sikuwa nimewahi kuyasikia. Mimi nilikuwa mtoto ndani ya nyumba ile, na mtoto haijui nyumba. Anajua tu wapi ni joto na wapi kuna uji.

Mama aliinuka siku moja kuonyesha mlango wa jikoni ulivyofunguliwa. "Hausukumwi. Unaunyanyua kwanza, hivi, halafu ndiyo unasukuma na bega." Akaweka viganja hewani, akainama, akapiga hatua. Binti akaweka penseli chini, akasimama nyuma yake, naye akanyanyua mlango usiokuwepo. "Masika uligoma kabisa," mama akaendelea. "Baba yake anaupiga randa. Kiangazi kikija unapwaya, upepo unaingia wote. Masika unagoma tena."

Akaeleza msimu wa pamba, jinsi sebule ilivyoacha kuwa sebule, ikajaa pamba kutoka shambani kwetu mpaka usawa wa dirisha, na sisi watoto tukawa tunalala juu yake tukiamka na nyuzi nyeupe kwenye nywele.

"Madam," binti akaniuliza kwa sauti ya chini, "kitu kama hicho kinachorwaje kwenye ramani?"

"Sijui," nikamwambia. "Jaribu."

Alijaribu. Alichora mkato wa sebule, kama nyumba iliyokatwa katikati, akaijaza vidoti vidogo vidogo, na juu ya vidoti akaweka umbo la mtoto amejikunja. Ni mchoro bora kuliko yote aliyoichora mwaka ule.

Kisha akauliza swali lililonifanya niache kalamu. "Bibi, na babu alikuwa anapenda kukaa wapi jioni, akitoka kazini?"

Mama alifikiri. "Hakuwa mtu wa kukaa," akasema. "Alisimama mlangoni, akaegemea fremu. Maziwa yake alikunywa amesimama. Nikimwambia, baba fulani, si ukae? Anasema, nikikaa nitalala na nyufa zangu sijaziona. Basi anasimama pale, anaangalia ukuta kama mtu anayemwangalia ng'ombe mgonjwa."

Mjomba akatikisa kichwa. "Alisimama kweli. Hata mgeni alimpa kiti, yeye akasimama."

Nilimwona baba. Nilimwona mguu mmoja nje na mmoja ndani, na kikombe cha bati. Niliondoka pale nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu kwa muda.

Siku chache kabla ya kurudi Mwanza, wanafunzi walikwenda kuaga wazee wao. Wengi walipeleka sukari na sabuni. Binti yule alitaka kumpa mama kitu kikubwa zaidi. Alichukua michoro yake ya penseli, akachukua ile picha yangu ya sare ambayo mama alikuwa amemwonyesha, akaingiza vyote kwenye akili mnemba na maelezo marefu, akarudia na kurudia mpaka akapata nyumba. Alifuata utaratibu wangu wote. Chini ya picha aliandika kwamba imetengenezwa na akili mnemba, na kwamba sehemu kadhaa ni za kukisia, akazitaja. Akaipeleka stesheneri karibu na stendi ichapishwe kubwa na kutiwa kwenye fremu. Yule kijana wa stesheneri aliona maandishi ya chini hayaingii kwenye fremu. Akayakata.

Nilikuta mama ameishika kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka, bila sauti.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mayu, mwanangu, njoo uone. Ndiyo yenyewe."

Nikaisogelea. Tofali zilikuwa nyekundu, zote sawa, kuta zimenyooka. Bati linang'aa. Mbele, kutoka kona hadi kona, kulikuwa na baraza refu lenye sakafu nyekundu na nguzo nne nyeupe, na karibu na nguzo ya pili kiti cha mbao kimetazama barabara. Mlango ulikuwa mahali pake, ule wa kwenye picha yangu. Labda ndiyo maana yote mengine yalimwingia mama kwa urahisi, kwa sababu mlango ulikuwa wa kweli.

Nyumba yetu haikuwa na baraza. Ilikuwa na jiwe moja pana la kukanyagia, basi.

Nilimwita binti pembeni. Naye alishaona uso wangu.

"Niliandika, madam. Niliandika baraza ni la kukisia. Mashine ililiweka yenyewe, nikalitoa, ikalirudisha. Nikaona niandike tu."

"Najua uliandika."

"Maandishi wameyakata. Sikuona mpaka nimefika hapa. Nifanye nini?"

"Nenda ukamwambie."

Alikwenda. Alipiga magoti mbele ya mama, akaweka kidole juu ya nguzo, akasema kwa upole, "Bibi, hizi hukuniambia wewe. Hizi zimebuniwa na mashine. Na baraza hili pia. Na kiti."

Mama akamshika shavu. "Wewe mtoto hukuwepo," akamwambia, akicheka. "Utajuaje? Wabeja sana, mjukuu wangu. Asante."

Usiku huo huo picha ilitundikwa sebuleni, mkabala na kiti anachokalia mama.

Nilidhani ni furaha ya siku moja. Tulirudi Mwanza, masomo yakaendelea, na niliporudi Bariadi likizo nilikuta mama mzima wa afya, mchangamfu. Tukiwa tunachambua mchicha akasema, bila kuulizwa, "Baba yako alipenda sana kukaa pale barazani. Jioni ilimkuta pale."

"Mama, si ulisema alikuwa anasimama mlangoni?"

"Nani? Baba yako?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtu ametoka kazini amechoka, asimame kwa nini?"

Sikubishana. Nikajiambia ni uzee, kesho atakumbuka. Lakini kesho yake alinieleza jinsi alivyokuwa akilipiga deki baraza lile kila asubuhi, na rangi nyekundu ilivyomchafua miguu.

Mjomba alipokuja, mambo hayakwenda vizuri. Aliiona picha mara ya kwanza siku hiyo, kwa macho yake yaliyokuwa yameshatibiwa, akasimama mbele yake muda mrefu.

"Hii nyumba ya nani?"

"Unauliza nyumba ya shemeji yako?" mama akamjibu.

"Hapakuwa na baraza, dada. Wala nguzo. Nguzo tungezitoa wapi? Palikuwa na jiwe. Nililivingirisha mwenyewe kutoka mtoni."

"Jiwe lilikuwa la jikoni."

"La mbele."

Nilisubiri wacheke, kama walivyokuwa wakicheka uani kuhusu madirisha. Hawakucheka. Zamani kila mmoja alikuwa na kipande chake, na cha mwenzake kilimkera na kumkamilisha. Sasa mama alikuwa na ushahidi ukutani. Akaunyooshea kidole.

"Basi hii ni nini? Nimeichora mimi?"

"Mama," nikaingilia, "lile baraza ni mashine..."

"Na wewe ulikuwa na umri gani?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Nimekaa ndani ya nyumba ile maisha yangu yote. Mnataka kuniambia sikuijua nyumba yangu?"

Mjomba alikaa. Alizungusha kofia yake magotini, kisha akasema polepole, "Labda nimesahau, dada. Siku nyingi zimepita. Labda baraza lilikuwepo."

Nilimsindikiza mpaka barabarani kuchukua bodaboda. Nikamuuliza kwa nini amekubali.

"Mpwa wangu, dada yangu amepoteza mume, amepoteza nyumba. Nimnyang'anye na nguzo?"

"Lakini wewe unajua haikuwa hivyo."

"Najua." Akapanda. "Nitakaa nalijua mwenyewe."

Tangu hapo hawazungumzi habari za nyumba ile. Anakuja, wanazungumza mvua, mifugo, nani mgonjwa kanisani. Mjomba ndiye mtu pekee aliyebaki hai ambaye angeweza kubishana na mama juu ya dirisha, na ameacha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko nguzo zenyewe.

Nilijaribu kuirudisha ile nyumba ya penseli. Binti alikuwa amenikabidhi michoro yote, pamoja na ule wa mtoto juu ya pamba. Nilimpelekea mama, nikaitandaza mezani mmoja mmoja. Aliitazama kwa adabu, kama anavyotazama madaftari ya wanafunzi wangu. "Anachora vizuri," akasema. Alipofika kwenye mlango wa jikoni, na maelezo ya binti pembeni kwamba unanyanyuliwa, akauliza, "Huu ni wa kwa nani?"

Binti aliponiuliza chuoni hali ya bibi, nilimweleza, kwa sababu nisingeweza kumfundisha ukweli huku nikimficha. Alilia. Akaomba nauli ya likizo ijayo aitumie kwenda kuichukua ile picha. Nikamkatalia. Kuiondoa ukutani sasa ingekuwa kuibomoa nyumba kwa mara ya pili, na ile ya kwanza tulikuwa tumeshaifanya sisi watoto wake. Amehitimu sasa, anafanya kazi kwa mkandarasi mmoja. Bado ana mkono mzuri. Aliwahi kuniambia kwamba mteja akiomba picha ya haraka, yeye huanza kumhoji mpaka mteja anachoka.

Darasani nimeongeza kanuni moja. Nawaambia kwamba kuandika chini ya picha hakutoshi, kwa sababu picha inamfikia mtu kabla ya maandishi, na wengine maandishi hayawafikii kabisa. Nawaambia wajue picha yao inakwenda mikononi mwa nani. Kumwonyesha mwekezaji baraza la kubuni ni jambo moja, na kumwonyesha mjane ni jingine. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Sasa madam, kama bibi mwenyewe amefurahi, hasara iko wapi?"

Darasa zima lilinigeukia. Nikawaambia habari ya baba kunywa maziwa amesimama. Wakaandika. Sidhani kama walielewa, na sijui ningeieleza vipi zaidi.

Maana jambo lenyewe limeanza kunipata na mimi. Nikifumba macho nione mbele ya nyumba yetu, nguzo zinakuja kwanza. Lazima nizisogeze ili nifike kwenye jiwe, na siku nyingine nikifika kwenye jiwe sina hakika kama nalikumbuka au nalikumbuka kwa sababu mjomba alilisema. Laiti ningekaa na mama kabla, mwaka wowote ule, na penseli yangu mwenyewe. Nilikuwa napima nyumba za watu Mwanza nzima.

Likizo iliyopita nilikwenda Nyalikungu. Nilichukua futi ya kupimia, nikajiambia nitatafuta hata mstari wa msingi. Pale penye kiwanja chetu kuna fremu za maduka. Mwenye duka la kati, mfanyabiashara mmoja mkarimu, alinikaribisha kwa shikamoo, akanipitisha stoo mpaka nyuma. Kulikuwa na tangi la maji, magunia matupu, na udongo mweusi uliopasuka mpaka unaweza kuingiza mkono. Nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Hapakuwa na tofali moja la kwetu.

"Umepoteza kitu?" akaniuliza.

"Tuliwahi kukaa hapa."

Alinipa soda, akakataa nimlipe, nikarudi Bariadi na gari la mchana.

Mama alikuwa uani anapepeta karanga. Alijua nimetoka wapi. Akaweka ungo chini.

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika, mama."

"Na baraza, bado lipo?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yake yote. Nilikuwa nimeshika futi mkononi bado, sijui kwa nini sikuiweka kwenye mkoba.

"Hapana, mama," nikasema. "Wamelibomoa."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Lilikuwa zuri," akasema, akauchukua ungo wake. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikaanza kumsaidia kutoa maganda.